Tiba ya mara mbili kwa wiki haiwezi kuwekwa safari ya nusu siku

Kwenu mawaziri wa afya, wakurugenzi wa huduma za uraibu, wajumbe wa kamati za bajeti, na nyote ambao saini zenu ndizo zinazoamua huduma ipi ifike kituo kipi.

YAH: TIBA YA URAIBU WA VICHANGAMSHI (KAMA METHAMFETAMINI NA KOKEINI) VIJIJINI

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijijini. Sina cheo cha kunifikisha mezani kwenu, ndiyo maana nawaandikia hadharani.

Kuna karatasi moja ya rufaa ambayo sijaisahau. Niliiandika kwa ajili ya kijana aliyekuja mwenyewe, kwa miguu yake, akasema amechoka na methamfetamini. Hakuletwa na polisi wala na mzazi. Alikuwa hajalala siku nne, midomo imepasuka, mikono haitulii, lakini maneno yake yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu: "Nisaidieni leo, kesho sijui nitakuwa nawaza nini." Nilimpa nilichokuwa nacho, yaani maji, kitanda cha kujinyoosha, na rufaa ya kwenda kituo cha mjini, safari ya nusu siku. Huko wakampangia kuhudhuria mara mbili kwa wiki. Alikwenda mara tatu. Mara ya nne nauli haikupatikana. Ya tano alikuwa kwenye kibarua ambacho angekiacha siku hiyo asingekikuta tena. Ya sita hakujaribu. Miezi kadhaa baadaye nikaliona faili lake, na mstari wa mwisho ulisomeka hivi: mgonjwa hakutoa ushirikiano.

Mstari huo umenikaa rohoni. Mtu aliyesafiri nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, mara tatu, katika wiki ngumu kuliko zote za maisha yake, alitoa ushirikiano wote aliokuwa nao. Walioshindwa kushirikiana ni wale walioipanga huduma bila kuuliza yeye anaishi wapi.

Ombi langu ni moja: tiba ya uraibu wa vichangamshi itolewe zahanati, karibu na mgonjwa. Mnaweza kudhani naomba kwa sababu ya haki za watu wa vijijini, na haki ipo. Lakini sababu yangu ya kwanza ni ya kitabibu. Tiba hii, kwa jinsi ilivyo, haifanyi kazi kwa mbali.

Wengi wenu mkisikia tiba ya uraibu mnaifikiria methadoni. Mgonjwa anakuja, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, arosto inatulia, anarudi kwenye shughuli zake. Methadoni imeokoa watu wengi na sina neno baya juu yake. Ila ni tiba ya uraibu wa heroini na ndugu zake wa jamii ya afyuni. Mtu wa kokeini au methamfetamini ukimpa methadoni hujamtibu. Vichangamshi vinapita njia nyingine ndani ya ubongo: vinaifanya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia ya kulipwa, ifurike mahali ambapo kwa kawaida hutoka kidogo kidogo, na mpaka leo hakuna kidonge wala sindano iliyoidhinishwa na mamlaka za dawa za Marekani au Ulaya kuwa tiba ya uraibu huo.

Watafiti wanahangaika, na inafaa mjue wamefika wapi. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watu 403 wenye uraibu wa methamfetamini. Waliotibiwa walichomwa sindano ya naltreksoni kila baada ya wiki tatu na kumeza bupropioni kila siku. Walioonyesha nafuu walikuwa asilimia 13.6, wakati kwa wale waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kiambato cha kutibu, ilikuwa asilimia 2.5. Mirtazapini, dawa inayojulikana siku nyingi kwa kutibu sonona, ilijaribiwa San Francisco kwa watu 60, matokeo yakatoka 2011, kisha kwa watu 120, yakatoka 2020, na mara zote mbili ilipunguza matumizi ya methamfetamini. Nafurahi kwa kila mgonjwa aliyepona kwa njia hizo. Lakini rudini kwenye hesabu ile ya kwanza: hata walipopewa dawa zote mbili, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya kila 10 hawakufikia nafuu iliyotarajiwa. Nimeshasikia vikaoni kauli ya kwamba tusubiri dawa ipatikane. Tukisubiri, wagonjwa wangu watazeeka au watakufa wakiwa kwenye orodha ya kusubiri kitu ambacho hakijazaliwa.

Na wakati huo huo tiba ipo. Imepimwa kwa zaidi ya miaka 30, na nadhani imepuuzwa kwa sababu inaonekana nyepesi mno kuitwa tiba.

Ilianzia katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, katika jimbo ambalo wakazi wake wengi wanaishi vijijini. Mwanasaikolojia Stephen Higgins na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa na wagonjwa wa kokeini waliokuwa wakiacha kliniki wiki ya pili au ya tatu, kama wanavyoacha kila mahali. Wakaamua kufanya hivi: mgonjwa analeta mkojo, unapimwa, ukiwa hauna kokeini anapewa vocha pale pale. Kipimo kinachofuata kikiwa safi, vocha inakuwa na thamani kubwa zaidi, na hivyo hivyo inapanda kila anapofuatanisha. Kipimo kikionyesha kokeini, au asipotokea, thamani inarudi ilipoanzia, naye anaanza kupanda tena. Hakemewi wala hafukuzwi. Vocha haikuwa fedha ya kushika mkononi. Wahudumu walimnunulia vitu vinavyoendana na maisha anayotaka kuyajenga, kama leseni ya uvuvi, vifaa vya baiskeli au vya masomo.

Katika jaribio lao lililochapishwa 1994, wagonjwa 40 walipata ushauri nasaha wa aina moja, nusu yao wakaongezewa vocha. Asilimia 75 ya waliopata vocha walimaliza wiki 24 za matibabu, na wasiopata waliomaliza walikuwa asilimia 40. Kwa mtu aliyewahi kuendesha kliniki ya uraibu, tofauti hiyo ni kubwa mno. Mgonjwa ambaye bado anakuja ndiye unayeweza kumtibu.

Baadaye Nancy Petry, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, akatafuta namna ya kupunguza gharama. Akaweka bakuli lenye vikaratasi 500. Mgonjwa mwenye kipimo safi anachomoa. Vikaratasi 250 vina neno la pongezi tu, 209 vina zawadi ndogo, 40 vina zawadi kubwa kiasi, na kimoja kina zawadi kubwa kuliko zote. Idadi ya kuchomoa inaongezeka kadiri vipimo safi vinavyofuatana. Jaribio la bakuli hilo lilifanyika katika kliniki 8 za kawaida, na wahudumu wa kawaida, kwa watu 415 waliokuwa wakitumia kokeini au methamfetamini, na matokeo yakatoka 2005: waliobaki mpaka wiki ya 12 walikuwa asilimia 49, wakati wenzao wa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 35. Nimelieleza bakuli kwa kirefu kwa makusudi. Ni bakuli. Zahanati yangu haina mashine ya eksirei, lakini bakuli hatuwezi kulikosa.

Mwaka 2011 idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu ilianza kuieneza tiba hii katika vituo vyake nchini kote. Ripoti yao ya 2018, iliyohusu wagonjwa zaidi ya 2,000, ilionyesha kwamba katika sampuli za mkojo zilizoletwa, zaidi ya 9 kati ya kila 10 zilikuwa safi. Mwaka huo huo watafiti walikusanya majaribio 50 yenye washiriki 6,942 wa kokeini na amfetamini, wakalinganisha njia za ushauri na saikolojia zinazotumika. Iliyoongoza ni hii ya motisha, yaani zawadi kwa kila kipimo safi, ikiunganishwa na mpango wa kumjengea mgonjwa maisha mengine ndani ya jamii yake. Kuhusu hilo la pili nitasema mbele.

Kwa nini inafanya kazi? Kichangamshi kinalipa papo hapo. Mtu anavuta moshi, na kabla hujamaliza kuhesabu hadi ishirini ubongo umeshapokea ujira. Sisi tunamwambia aache ili miaka ijayo awe na moyo mzima na meno mazima. Ubongo uliofundishwa kulipwa sasa hivi hauwezi kushikilia ahadi ya miaka ijayo, hasa katika wiki za mwanzo ambapo kila kitu kimepoteza ladha. Kinachoweza kushindana na malipo ya sasa hivi ni malipo mengine ya sasa hivi, madogo lakini ya hakika, kutoka kwa mtu anayekufahamu kwa jina na anayefurahi kweli kukuona. Nawaomba msiiache hiyo furaha ya muuguzi nje ya hesabu zenu. Mgonjwa mmoja aliniambia kwamba katika mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amemwambia "umefanya vizuri" kwa jambo lolote.

Sasa ule umbali. Kipimo cha mkojo kinaonyesha methamfetamini au kokeini iliyotumika takriban siku mbili hadi nne zilizopita. Ukimpima mgonjwa kila Jumatatu tu, anaweza kutumia Jumanne, na Jumatatu inayofuata kipimo kikatoka safi. Umempa zawadi kwa wiki ambayo hukuiona. Ukimpima Jumanne na Ijumaa, mwanya unabaki mdogo sana. Ndiyo maana tiba hii hutolewa mara mbili, pengine mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. California ilipoiingiza katika bima yake ya afya ya watu wa kipato cha chini, kuanzia 2023, ilipanga wiki 24: mara mbili kwa wiki katika 12 za mwanzo, kisha mara moja moja. Piga hesabu kwa mtu wa mbali. Ziara 24 katika wiki 12 za mwanzo, kila moja siku nzima barabarani. Hakuna kibarua kitakachomvumilia, na nauli inaweza kuizidi ile vocha tunayompa.

Kwa hiyo mnapoweka huduma hii mjini peke yake na kutuachia sisi karatasi za rufaa, mnakuwa mmeikata dozi. Mgonjwa wa kijijini anafika mara moja kwa wiki mbili, kipimo hakiwezi tena kusema kweli, zawadi inachelewa mpaka inapoteza nguvu, halafu tunaandika kwamba tiba haimfai. Tungempa mtu wa kifua kikuu robo ya vidonge vyake na kumlaumu asipopona?

Nataja kifua kikuu kwa sababu kinajibu pia lile pingamizi la malipo. Nalijua, kwa kuwa hata mimi lilinishika mwanzoni. Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa kazi na heshima zake, aliniuliza: "Mimi niliyeamka alfajiri miaka yote hii bila kugusa uchafu huo, nani alinipa vocha?" Ni swali la haki na sikulipuuza. Nilimjibu kwamba katika nchi nyingi mgonjwa wa kifua kikuu husaidiwa chakula au nauli ili amalize dozi, na hakuna anayesema analipwa kwa kuugua. Tunafanya hivyo kwa sababu dozi isiyomalizika inamrudia yeye na inawarudia majirani. Uraibu ni ugonjwa, na motisha ndiyo dozi yake. Mzee alinyamaza kidogo, akaniuliza kama mtoto wa dada yake anaweza kuandikishwa.

Tafadhali, mkikubali, msikubali nusu. Kwa miaka mingi ruzuku za serikali kuu ya Marekani ziliweka kikomo cha dola 75 kwa mgonjwa kwa mwaka, kiwango kilicho chini sana ya vile vilivyotumika kwenye majaribio yaliyofaulu. Kliniki zilikuwa na jina la tiba bila nguvu yake. Mpango wa California unafika hadi dola 599, na Januari 2025 kikomo cha ruzuku za shirikisho kilipandishwa hadi dola 750. Viwango vya kila nchi vitatofautiana na mapato ya watu wake. Ninachosema ni kwamba kiwango kitoke kwenye utafiti. Kisitoke kwenye hofu ya kile magazeti yatasema.

Na niseme ukweli mwingine, msije mkausikia kwa wapinzani kwanza: zawadi zikiisha, baadhi ya wagonjwa hurudia. Hapo ndipo unapoingia ule mpango wa maisha ndani ya jamii, ambao asili yake ni kazi ya Nathan Azrin na George Hunt waliyoichapisha 1973, wakiwatibu walevi wa pombe. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu haachi ulevi kwenye ombwe. Anaacha pale maisha bila ulevi yanapokuwa na faida kuliko maisha nao. Wakamtafutia kazi, wakakaa naye pamoja na mwenzi wake wa ndoa, wakamrudisha kwenye mikusanyiko isiyo na pombe. Mambo hayo hayafanyiki mjini kwa niaba ya mtu wa kijijini. Kazi yake iko huku. Mkewe au mumewe yuko huku. Rafiki anayemuuzia naye yuko huku, na ni lazima ajifunze kupita mlangoni kwake akiwa huku huku.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naona watu wa vijijini wanahesabiwa kama waliopotoka tu. Vichangamshi vimeingia katika kazi tangu zamani. Methamfetamini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia wa Japani, Nagai Nagayoshi, mwaka 1893. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ya Ujerumani ikaiuza kama vidonge vya Pervitin, na vitani wanajeshi wakapewa ili wasilale. Japani nayo iliitumia wakati wa vita, na baada ya vita ikajaa mitaani hadi ikatungiwa sheria ya kuidhibiti mwaka 1951. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfanya mtu afanye kazi kupita uwezo wa mwili. Wagonjwa wangu wengi walianzia hapo hapo. Dereva wa masafa marefu anayelipwa kwa safari. Mvunaji anayelipwa kwa uzito. Mchimbaji wa zamu ya usiku, mvuvi asiyejua atarudi lini. Mama anayelea watoto mchana na kufanya kazi usiku. Mtu wa namna hii akiacha, jambo la kwanza linalomshinda ni uchovu. Analala siku tatu, anaamka mwili hauna nguvu hata ya kubeba ndoo, na kazi inamsubiri. Hajarudia kwa sababu ya starehe. Amerudia ili aweze kusimama. Mpango wa tiba usioongea na mwajiri kuhusu saa za kazi, na usiomruhusu mgonjwa kulala wiki mbili za mwanzo bila kufukuzwa, umeanza ukiwa tayari umeshindwa.

Tena wiki hizo mbili ni za hatari kwa njia ambayo haionekani. Kuacha vichangamshi hakuleti degedege kama kuacha pombe kunavyoweza kuleta, basi watu wanadhani ni rahisi. Kinachokuja ni giza: huzuni nzito, kukata tamaa, kwa wengine fikra za kujiua. Anahitaji mtu wa kumtembelea. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumbani siku ya tatu na siku ya saba, akauliza swali la kujiua waziwazi bila kuzunguka, anaokoa maisha kuliko tangazo lolote.

Kuna usiku mwingine wanaletwa wamefungwa kamba. Mtu anasikia sauti, anaona wanaomfuata, anapiga yeyote. Jamaa wanaogopa, na siwalaumu. Lakini methamfetamini huupandisha joto mwili, na mtu anayepambana na kamba huku mwili unawaka anaweza kufa mikononi mwetu, kwa joto, kwa moyo au kwa kiharusi. Tunachohitaji usiku huo ni chumba tulivu, kipimajoto, maji ya kumpoza, diazepamu kwa kipimo sahihi, na mtu aliyefundishwa kuongea polepole. Vingi vya vitu hivyo tunavyo. Mafunzo hatuna. Na pale ambapo vichangamshi vya mitaani vimechanganyika na fentanili, dawa kali sana ya jamii ya afyuni, kama ilivyotokea Amerika ya Kaskazini, ongezeni nalokzoni, dawa inayoiondoa nguvu hiyo na kurudisha pumzi, kwenye kila kabati la dharura, kwa sababu mtu anayedhani amevuta kokeini anaweza kuacha kupumua.

Sitasema mengi juu ya majengo. Najua ni rahisi kukata utepe wa kituo kikubwa chenye uzio kuliko kukata utepe wa bakuli. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja yakizitaka nchi zifunge vituo vinavyowashikilia waraibu kwa lazima, na badala yake zitoe huduma za hiari katika jamii. Viwango vya tiba vya Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, vilivyotolewa upya 2020, vinaelekea huko huko. Wapo wanaohitaji kulazwa. Ni wachache kuliko wanaohitaji kupimwa Jumanne na Ijumaa.

Mkileta huduma kijijini, ileteni kwa kujua kijiji kilivyo. Huku hakuna mlango usioonekana. Mkitundika kibao cha "Kliniki ya Uraibu" juu ya chumba kimoja, hakuna atakayeingia, kwa kuwa kabla hajakaa kwenye benchi shangazi yake ameshapata habari. Mgonjwa wa vichangamshi aketi benchi moja na mwenye shinikizo la damu na aliyeleta mtoto wa chanjo, aitwe kwa zamu yake, aingie chumba kile kile. Awe na haki ya kuchagua nani ampime, maana muuguzi wa zamu anaweza kuwa shemeji yake. Na majibu yake yasitoke nje ya faili. Siku jibu moja la mkojo litakapofika kwa polisi au kwa mwajiri ndiyo itakuwa siku ya mwisho ya huduma hiyo, na hatutapata nafasi ya pili. Kwa akina mama hili ni zito zaidi: nawajua waliojificha ujauzito mzima wakiogopa kwamba wakisema wanatumia, mtoto atachukuliwa. Andikeni kanuni kwamba kuomba tiba hakutatumika kama ushahidi dhidi ya mzazi, ili nami niweze kuwaambia hivyo bila kuwadanganya.

Simu isaidie, isichukue nafasi ya mtu. Mtaalamu wa mjini anaweza kunisimamia kwa simu, akasikiliza kesi zangu kila wiki, akaongea na mgonjwa mmoja mmoja mtandao unaporuhusu. Hilo linawezekana hata kesho. Ila kikombe cha mkojo kinapokelewa kwa mkono, na pongezi husemwa uso kwa uso.

Ninachohitaji ili nianze kinaingia kwenye boksi moja na waraka mmoja. Vipimo vya haraka vya mkojo vya kutosha wagonjwa ishirini kwa wiki 12. Fungu la zawadi lenye daftari lake la ukaguzi, ambalo mkaguzi yeyote anaweza kulifungua. Siku tano za mafunzo kwa wauguzi wawili na wahudumu wanne wa jamii. Namba ya simu ya mtaalamu mmoja ambaye atapokea. Na waraka wenye saini yenu unaosema zahanati inaruhusiwa kutoa tiba hii, maana kwa sasa nikimpa mgonjwa zawadi kwa kipimo safi naweza kuitwa kujieleza kwamba nimetumia vibaya mali ya umma.

Yule kijana bado yuko hai. Nilikutana naye njiani siku za karibuni, amekonda, akaniamkia kwa adabu na kuniuliza kama kuna kitu kipya pale zahanati. Nikamwambia bado. Akasema akisikia kipo atakuja, mradi isiwe safari.

Zahanati inafungua saa mbili asubuhi. Chumba cha pili kiko wazi Jumanne na Ijumaa, na bakuli nimeshalinunua.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa zahanati ya kijijini